Ngome Iliyosemekana Kumezwa na Mto

Kidole cha Vernon Tignor kilikuwa kimezoea kuonyesha maji. Kwa zaidi ya miaka thelathini alisimama kwenye ukingo uleule wa mto, hapa Virginia, akiwaambia watalii kwamba ngome ya Waingereza wa kwanza kuhamia Marekani ilimezwa na mto, nguzo baada ya nguzo, pamoja na wote waliozikwa ndani yake majira ya baridi walipokufa kwa njaa. Baba yake alisimulia hivyohivyo kabla yake. Watalii waliyatazama maji, wakapiga picha, wakarudi kwenye basi.

Kisha, mwezi Aprili, Daktari Camille Sowers na wachimbaji wake wakafunua nyasi nyuma ya kanisa. Wakakuta madoa meusi ardhini, yamejipanga mstari, kila doa mahali ilipoozea nguzo. Kumbe ngome ilikuwa nchi kavu siku zote. Ilikuwa chini ya makaburi ya kanisa, na ukuta wake mmoja ulipita karibu kabisa na kaburi la Bi Eunice, mama yake Vernon.

Kijiji kizima kilifurahi. Mchungaji alitoa sala ya shukrani, na wenye mkahawa wakaoka keki yenye umbo la ngome. Vernon alikula kipande chake, akaenda nyumbani, akajitupa kitandani na viatu vyake.

Hakuna aliyejua kilichomsibu. Marehemu mkewe, Lorene, aliyekuwa akiwakatia watalii tiketi kibandani, alikuwa amekataa katakata kuzikwa kanisani. "Mama yako nimemvumilia mezani kila Jumapili," alimwambia Vernon saratani ilipomlaza. "Sitaki awe jirani yangu mpaka siku ya kiyama. Nipeleke mtoni kwa wale watu wa ngome. Nimewasema vizuri miaka yote hii, hawatakosa kunipokea."

Basi alipokufa na mwili wake kuchomwa, Vernon alipiga makasia hadi pale ambapo yeye na baba yake waliapa kwamba ngome ilizama, akamwaga majivu yake bila kumwambia mtu. Tangu siku hiyo, kila aliponyoosha kidole mbele ya watalii, alikuwa akimsalimu.

Sasa alikuwa na uchovu ambao usingizi hauuondoi. Hakuwa mtu wa kuamini mizimu, lakini alimwona Lorene peke yake kwenye tope lile, kati ya kaa na chupa za bia, akiwaulizia watu ambao hawakuwahi kufika pale. Alikuwa amemwahidi kwamba atakuwa na wenzake, akampeleka mahali patupu. Jambo hilo lilimuuma kuliko hata siku aliyomzika, ikiwa kumwaga majivu nako ni kuzika.

Alimfuata Daktari Sowers kwenye mashimo yake, akamwambia anaacha kazi. Daktari alidhani mzee ameona aibu kwa kupotosha watu, akaanza kumtuliza kwamba hata wasomi walikosea. Ndipo Vernon akamweleza yote. Daktari akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, glavu zake zikiwa mapajani, kama mtu aliyevunja chombo cha wenyewe.

"Naweza kukupa udongo kidogo wa humu," alisema hatimaye. "Ukaumwage pale alipo. Angalau wawe pamoja."

Vernon aliutazama udongo, kisha akalitazama jiwe la kaburi lililokuwa jirani. "Udongo huu una mama ndani yake, Daktari. Lorene ataogelea mpaka Ulaya."

Walicheka wote wawili, na katikati ya kicheko Vernon akashikwa na kilio. Alijipangusa kwa kofia, akasema kosa si la mtu aliyechimba. Daktari alimwomba jambo moja tu, awapokee watalii wa Jumamosi, maana mwongozaji mwingine hakuwepo. Alikubali kwa sababu hata kukataa kulihitaji nguvu.

Jumamosi aliwapeleka nyuma ya kanisa, akawaonyesha madoa ya nguzo. Alieleza vizuri, lakini kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, na mgongo wake aliuelekeza mtoni. Alipomaliza, bwana mmoja mwenye mvi alibaki amesimama.

"Nilikuja hapa nikiwa mtoto wa shule," alisema. "Ulitupeleka ukingoni, ukatuambia tuvue kofia kwa ajili ya wafu. Nimelikumbuka jambo hilo maisha yangu yote. Kwa hiyo kule hakuna mtu?"

Vernon aligeuka. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, yakienda taratibu.

"Yupo," alisema. "Mke wangu. Lorene."

Watu waliokwisha kuanza kuelekea kwenye basi walisimama. Yule bwana akavua kofia. Wakateremka na Vernon hadi ukingoni, hakuna aliyewaambia wafanye hivyo, na dereva aliyekuwa amewasha injini akaizima. Wote waliutazama mto.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" mama mmoja akauliza.

Vernon naye akavua kofia.

"Hakumpenda mama yangu," alijibu, na akaanzia hapo.