Mbwa wa Sosthenes

Hii ni mara ya tano naitwa mahakama ya mwanzo hapa Mbalizi, na mguu bado unaniuma. Nilitaka kitu kimoja tu: jirani yangu Sosthenes aamriwe kumfunga mbwa wake, maana mke wangu Lea hupita getini kwake kila asubuhi akipeleka maparachichi sokoni.

Shahidi wangu Devota akaapa. "Mheshimiwa, mbwa yule ana kimo cha ndama! Aliruka paa la kanisa, mzee huyu ananing'inia mdomoni!"

Watu wakaangua kicheko. Nikajiinamia. Devota aliniona nikiumwa na mbwa huyo, lakini miezi saba nimelisimulia tukio hilo hivyo kilabuni, mpaka amesahau alichokiona.

"Mzee, ni kweli?" hakimu akauliza.

Nilikuwa nimechoka hata kudanganya. "Hapana, mheshimiwa. Ni kijibwa tu, kinanifikia gotini. Kiliniuma hapa." Nikapandisha suruali.

"Muongo huyo, wilaya nzima inamjua!" Sosthenes akadakia.

Hakimu akalitazama kovu, kisha akafunga jalada. "Ushahidi unapingana. Mshtakiwa, nakuachia huru."

Nje, Lea akanishika mkono. "Baba Dastan, kesho nitazungukia njia ya mtoni."

Ni mwendo wa saa nzima, na hapo sijaongeza hata hatua moja.