Herufi Moja Katika Amri ya Kupanga

Mzee Nukta, waliyembandika jina hilo kwa kuwa hakuruhusu hata nukta impite, alipostaafu, kompyuta za hospitali ziliachiwa msaidizi wake, binti aliyemfundisha tangu hajui kuwasha mashine. Uongozi ukamtaka binti aandike mwongozo: jinsi amri ya sort inavyopanga wanaosubiri upasuaji, kila mgonjwa mstari wake, aliyesubiri wiki nyingi zaidi akae juu.

Kabla ya kuandika, aliijaribu kwa mistari ya kubuni. Wiki tisa ikatangulia, thelathini ikafuata, kumi na moja ikaburuza mkia. Akarudia, mambo yakawa yale yale. Akaichunguza amri yenyewe. Amri ya mzee ilisoma wiki kama maneno, ikianza kulinganisha tarakimu ya kwanza, kwa hiyo 9 iliishinda 11. Ilikosekana herufi moja tu, n, ya kuiambia kompyuta kwamba hizi ni namba. Kila aliyefika wiki ya kumi aliporomoka hadi chini, na wauguzi waliita wa juu tu.

Mke wa mzee alikuwa amefariki akisubiri kuitwa kwenye orodha hiyo hiyo. Binti alikuwa amekula kwa mama yule mara nyingi. Wiki ya tisa alimkuta amekwisha funga begi la kwenda kulazwa, anacheka kwamba zamu yake sasa inanukia.

Alisahihisha amri, akamweleza mganga mkuu, wagonjwa wakapangwa upya siku hiyo hiyo. Lakini mzee alikuwa ameomba kuuona mwongozo. Binti akaitoa aya aliyoandika kuhusu kosa hilo, akampelekea nakala nyumbani.

Mzee alivaa miwani, akasoma taratibu, akisifu hapa na pale. Kwenye amri yenyewe kidole kikasimama.

"Hii n umeiweka wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwangu haikuwepo."

Binti akainamisha kichwa. Mzee akauliza kama wakubwa wanajua. Akajibiwa wanajua.

"Mbona humu hujaandika?"

"Nilishindwa."

Akaomba kalamu. Akaandika pembeni mwa ukurasa nini kilikosekana, na nani alikisahau. Akamwagiza binti asiuchape mwongozo bila maneno hayo.

Binti akaomba angalau amchemshie chai. Mzee alikataa kwa upole, akamsindikiza hadi mlangoni. Binti hakuwa amefika hata barabarani aliposikia ufunguo ukizungushwa kwa ndani.