Yowe la Nyanjige

Nyanjige aliuza chai na mandazi kwenye kituo cha kununulia pamba cha Ngulyati, na kwa wiki tatu nzima wateja wake walikuwa wakiagiza kwa vidole. Kidole kimoja, andazi moja. Viwili, mawili. Si kwamba walikuwa mabubu. Yeye ndiye alikuwa hajibu, basi nao wakazoea. Alimimina, akapokea, akarudisha chenji, macho yake yote yako kwenye mkono wa birika. Shule aliiacha darasa la tano, mwaka mama yake alipoumwa mgongo, na hata huko darasani mwalimu alikuwa akimsahau wakati wa kuita majina.

Mtu mmoja tu alikataa kuagiza kwa vidole: Marcelo, karani wa mizani.

Marcelo alikuwa kijana wa Songea. Aliletwa na kampuni moja kati ya zile zilizoingia Bariadi mwaka ule serikali iliporuhusu mwenye fedha yeyote kununua pamba, si chama cha ushirika peke yake. Kisukuma alijua salamu tu. Kila asubuhi alisimama mbele ya jiko la Nyanjige na kusema, "Mwangaluka, Nyanjige! Leo umesema maneno mangapi?"

Nyanjige alinyoosha vidole viwili.

"Mawili! Jana lilikuwa moja. Mavuno yakiisha utakuwa mbunge wewe!"

Halafu alicheka. Kicheko cha Marcelo kilikuwa cha mtu anayerusha kichwa nyuma na kupiga paja, na kilisikika mpaka barabarani. Nyanjige aliinama kwenye jiko ili asionekane kwamba naye anacheka. Akirudi nyumbani jioni, kaka yake Jilala alimuuliza habari za kituoni, naye alijibu, "Nzuri." Lakini kile kicheko alikuwa amekibeba, kama mtu anavyobeba kaa la moto kutoka kwa jirani.

Msimu ule fedha za kampuni zilichelewa. Wakulima walikuwa wamefika na pamba yao kwa mikokoteni, ikapimwa, wakapewa stakabadhi, wakaambiwa lori la fedha liko njiani. Siku ya nne walikuwa bado wanalala juu ya magunia. Hapo ndipo Marcelo alipotoa karata zake na kuwafundisha mchezo alioujua Dar es Salaam, unaoitwa poka.

Karata hazikuwa ngeni Ngulyati. Mchezo huu ndio ulikuwa mgeni. Unapewa karata tano, unazificha kifuani, halafu unaweka dau kulingana na ulichonacho. Mwenzako anaweza kukufikia, au kukupandishia, au kutupa karata zake na kukuachia kila kilichowekwa. Akitupa, wewe hulazimiki kuonyesha za kwako. Marcelo aliwaeleza kwamba uzuri wake wote uko hapo: waweza kuwa huna kitu kabisa, ukaweka dau kubwa, na mwenye karata nzuri akakimbia.

"Sasa huo si uongo?" aliuliza Bujiku, mkulima mwenye meno yaliyopishana, ambaye hakuna jambo lililompita bila kulitania.

"Si uongo, ni mchezo."

"Ah. Kama bei ya pamba yenu."

Wakacheka wote. Walichezea nyuma ya ukuta wa magunia, karibu na jiko la Nyanjige, kwa sababu sungusungu, walinzi wa jadi, walikuwa wamepiga marufuku kamari kijijini. Ukikamatwa unatoa mbuzi, na fimbo juu. "Hapa ndipo salama," alisema Bujiku. "Nyanjige hana mdomo."

Jumanne ya wiki ile, saa nne asubuhi, mzee Mahona aliketi kucheza. Mahona alikuwa na ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote upande ule wa mto, na popote alipoketi fimbo yake ya mpingo ililala juu ya magoti. Alikuwa mtu wa maneno machache, na neno lake likishatoka hakuna aliyeliuliza mara ya pili. Akisema mtamba huyu ni wako, kesho yake unamkuta mlangoni kwako. Alicheza mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, akashinda kidogo, akashindwa kidogo. Nyanjige alikanda unga, akakata, akaweka mafuta jikoni.

Mkono wa nne, Mahona alizitazama karata zake muda mrefu.

"Mtamba mwekundu," alisema. "Mwenye doa shingoni."

Wanaume waliokuwa wamelala juu ya magunia wakainuka kwa viwiko. Hakuna aliyekuwa ameweka ng'ombe pale.

Marcelo alipangusa midomo. "Baiskeli yangu na redio. Na mshahara wangu wa mwezi huu wote. Nakupandishia, mzee wangu."

"Wote?"

"Wote. Mimi nimeridhika na nilichonacho."

Mahona alimtazama usoni. Nyanjige naye alimtazama, kwa sababu hakuwahi kumwona Marcelo ametulia namna ile, kama mtu anayepigwa picha. Mzee alivuta pumzi. Kijana ameweka mshahara, baiskeli na redio, tena kwa kinywa chake mwenyewe mbele za watu. Mtu hawezi kusema hivyo kama hana kitu.

"Basi chukua," alisema Mahona, na kutupa karata zake chini. Zikafunuka. Kingi tatu.

Marcelo angeziweka zake mfukoni, mambo yangeishia pale. Hata yeye mwenyewe ndivyo alivyokuwa amewafundisha. Badala yake alizigeuza moja moja juu ya gunia, taratibu, kama mtu anayepanga samaki wa kuuza. Mbili ya kopa. Tano ya shupaza. Saba ya uru. Tisa. Nne. Hakukuwa na hata mbili zilizofanana.

Kisha Bujiku akapasuka. "Yalaa! Mzee kakimbia fisi, kumbe ni mbuzi kavaa kofia!"

Na Marcelo akacheka. Kichwa nyuma, mkono juu ya paja, kicheko kile kile.

Nyanjige alikuwa ametumbukiza andazi la sita kwenye mafuta aliposikia sauti ambayo hakuielewa. Ilikuwa kama ya kibuyu kinachodondoka. Aliinua macho. Marcelo alikuwa bado ameketi, mdomo bado wazi, ila paji lake la uso lilikuwa limefunguka na damu inashuka kwenye jicho. Hakuonekana kuumia. Alionekana kama mtu aliyeulizwa swali gumu. Fimbo ilikuwa hewani tena.

"Umenidanganya," alisema Mahona, wala hakupaza sauti. Akapiga. "Mimi. Mbele ya watoto." Akapiga.

Hakuna aliyemshika. Bujiku alikuwa amesimama na mikono imening'inia, kicheko kimemgandia kwenye meno. Mahona alikuwa mtu mzima, mtu wa heshima, nusu ya waliokuwepo walikuwa wakichunga ng'ombe wake. Fimbo ilipanda mara ya nne, na Nyanjige akaona wazi, kama anavyoona mkono wake, kwamba Marcelo anauawa hapa, mbele ya mandazi, mchana kweupe.

Akapiga yowe.

Yeye mwenyewe hakujua kwamba anayo sauti hiyo. Ilitoka tumboni, ikapanda, ikakatika, ikapanda tena, mwano wenyewe, yowe la kuita watu, kama wanawake wanavyoupiga wezi wa ng'ombe wanapoingia zizini. Fimbo ya Mahona ikasimama hewani.

Kila aliyezaliwa pale anajua la kufanya yowe likipigwa. Kama uko mbali, unachukua ulichonacho na kukimbilia linakotoka. Kama uko karibu, unaketi chini, mikono ionekane, usubiri watu wafike waulize. Jambo moja tu hulifanyi: hukimbii. Anayekimbia ndiye mwizi. Watoto wanalijua hilo kabla hawajajua kuhesabu.

Marcelo alizaliwa Songea. Aliona fimbo imesimama, akaona nafasi, akakimbia.

"Marcelo, keti!" Nyanjige alitaka kusema, lakini yowe lilikuwa limemaliza pumzi yake yote. Karani alikuwa amekwisha kupita mizani, shati lake jeupe limekuwa jekundu mgongoni na begani, akiingia kwenye mashamba yaliyovunwa, mashina makavu ya pamba yakivunjika miguuni mwake. Tayari filimbi zilikuwa zinajibu. Moja upande wa mto. Nyingine kule kanisani. Watu walitokea kila pembe, na marungu, na pinde, na mishale, na wengine na majembe waliyokuwa nayo mikononi.

Nyuma ya magunia, wachezaji walikuwa wamekwisha kuzikusanya karata. Bujiku alizisukuma ndani ya gunia la pamba hadi kiwiko.

"Wapi?" aliuliza mtu wa kwanza kufika, anahema. "Yuko wapi?"

Mahona alikuwa amesimama na fimbo yake. Nyanjige alimtazama, akingoja aseme. Mzee alinyoosha ile fimbo kuelekea mashambani.

"Kule," alisema.

Basi. Hilo tu.

Watu wakapita kama maji. Na katika wale waliopita Nyanjige alimwona Jilala, kaka yake, kifua wazi, rungu mkononi, mbele kuliko wote. Alikuwa na uso ambao Nyanjige hakuufahamu. Alimwita, lakini Jilala hakusikia.

Akakimbia nyuma yao. Kanga ilimfunga miguu, akaikunja kiunoni mbele za wanaume, jambo ambalo siku nyingine lingemfanya afe kwa aibu. Alisikia mbele yake kelele zikigeuka. Mwanzo zilikuwa za kutafuta. Sasa zilikuwa za kupata. Kisha kelele zenyewe zikapungua, zikabaki zile sauti za kibuyu, nyingi, zinapishana.

Alipofika hakuona kitu ila migongo. Alivuta shati la mmoja, akasukumwa. "Mwacheni," alisema. Hakuna aliyesikia; ilikuwa sauti yake ya kila siku, ile ya kumwambia mteja chai imekwisha. "Mwacheni, hajaiba." Kiwiko kilimpiga kwenye mdomo. Chini, kati ya miguu ya watu, aliona kiganja cha Marcelo kimefunguka juu ya udongo.

Akapiga yowe mara ya pili.

Watu wakageuka. Ndivyo walivyofundishwa, yowe likipigwa nyuma yako, unageuka. Walimwona msichana wa chai, mdomo unatoka damu, anapiga yowe mbele yao, na hawakujua wakimbilie wapi.

Selestini, kamanda wa sungusungu, alisogea na upinde wake. "We mtoto, nani sasa?"

"Mimi ndiye niliyepiga la kwanza."

"Tunajua. Mwizi tumempata."

"Si mwizi." Kila jicho la Ngulyati lilikuwa juu yake. "Nilipiga ili mje mumsaidie. Mzee Mahona alikuwa anampiga. Walikuwa wanacheza karata. Hajaiba kitu."

"Mahona kaonyesha yeye mwenyewe..."

"Mzee Mahona ndiye aliyempasua kichwa. Nendeni mkaiangalie fimbo yake."

Mtu mmoja aliliweka jembe lake chini, polepole, kama kitu cha kuvunjika. Mwingine akafanya hivyo. Jilala alikuwa bado ameshika rungu. Alilitazama, kisha akamtazama dada yake.

Walimbeba Marcelo kwa kanga ya Nyanjige hadi barabarani. Alikuwa anapumua, pumzi fupi zenye maji ndani yake. Na pale barabarani ndipo lori la fedha lilikuwa linaingia, siku ya tano, dereva akipiga honi kwa furaha, akitegemea vigelegele. Walimlaza Marcelo nyuma, lori likageuza kuelekea Bariadi mjini. Hakuna mkulima aliyeuliza habari za malipo.

Mzee Mahona alikutwa ameketi pale pale kwenye gunia. Fimbo ilichukuliwa. Hakubisha. "Mimi nilipiga tatu," aliwaambia, akiwatazama mmoja mmoja. "Nyingine ni zenu." Wakaondoka naye kwenda kwa mtendaji wa kijiji.

Nyanjige alirudi kwenye jiko. Mandazi sita yalikuwa bado ndani ya mafuta, meusi kama mkaa, lakini moto ulikuwa haujazima, na chai kwenye birika bado ilikuwa inatoa mvuke. Alilitazama lile birika. Alidhani siku nzima imepita.

Alasiri dereva alirudi. Alisema Marcelo yu hai. Ameshonwa, mkono umevunjika mahali pawili, na jicho la kulia madaktari hawana hakika nalo. Nyanjige aliketi chini pale pale alipokuwa.

Jilala alikuja akaketi karibu naye. Alikuwa ameosha mikono, tena na tena. Ngozi ya vidole ilikuwa imekunjamana.

"Nilikuwa mtoni," alisema. "Nikaijua ni sauti yako. Wewe hujawahi kupiga kelele toka uzaliwe. Nikasema, kama Nyanjige amepiga yowe, basi mtu ameuawa. Au wewe mwenyewe ndiye..." Hakumaliza. "Ndiyo maana nilitangulia. Ndiyo maana nilipiga vile."

Nyanjige alisikia. Alitaka kumshika mkono, akashindwa kuugusa.

"Wanasema hakuiba," Jilala alisema.

Nyanjige alitikisa kichwa: hakuiba.

"Hakumtukana mzee?"

Akatikisa tena.

"Sasa alikuwa amefanya nini, Nyanjige? Niambie. Alifanya nini?"

Nyanjige alifungua mdomo uliovimba. Kule kwenye mizani, kwenye kiti cha karani, hakukuwa na mtu.

"Alicheka," alisema.