Saini Isiyokauka

Jumatatu saa tatu asubuhi Masanja alikwenda ofisi ya ndoa amevaa shati lake la kanisani, na mfukoni ana cheti cha kuzaliwa cha binti yake Jeska. Mkewe Koleta alikuwa uani anachambua mchele, hana habari. Cheti siku zote kilikaa kwenye sanduku la mume, na hapo ndipo Koleta alipokosea. Mzazi unayesoma haya, cheti cha mtoto kikae na wewe.

Jeska alikuwa na miaka kumi na mitano, amemaliza la saba, anasubiri matokeo. Sheria ya ndoa inasema msichana wa umri huo anaweza kuolewa baba yake akiridhia. Ni sheria ya zamani, ilitiwa saini na Muasisi wa taifa. Nakala iliyokuwa mezani kwa karani Twalibu ilikaa wazi kwenye ukurasa wa saini, kwa sababu saini ile haijakauka hadi leo. Ukifunga kitabu, inachafua kurasa nyingine. Twalibu huizungushia majivu kidogo na kuendelea na kazi.

Mawakili wa Tabora mjini walishakuja kuitazama mara mbili. Mmoja alisema wino mbichi maana yake sheria ingali hai, na Muasisi hakuwa mtu wa kutia saini asichokijua. Mwenzake akasema wino mbichi maana yake bado inafutika, na Muasisi huyo huyo ndiye aliyetaka wasichana wasome. Walibishana mpaka saa ya chakula, kila mmoja akimvutia Muasisi upande wake, kisha wakanawa na kupanda gari moja kurudi mjini.

Masanja hajui kuandika, na pedi ya wino ya ofisi ilikuwa imekauka.

"Chovya hapo hapo, mzee," Twalibu alisema, akimwonyesha saini.

Masanja akachovya dole gumba, akaligandamiza kwenye fomu ya ridhaa.

Jumatano Festo, mfugaji wa Igunga aliyekuwa anamwozesha mwanawe, alileta ng'ombe wa mahari. Masanja akawapapasa mapaja mmoja mmoja, kama mtu aliyepata. Koleta alitazama kutoka jikoni. Asubuhi alikuwa amemwambia, "Baba Jeska, subiri basi matokeo," akajibiwa kwamba matokeo hayakamuliwi maziwa.

Alhamisi kila ng'ombe aliamka na saini ya Muasisi pajani, kamili, hadi mkia wa herufi ya mwisho. Sahani ya Masanja nayo ilikuwa nayo, na jembe. Koleta alisugua sahani kwa mchanga, haikutoka, akapakua ugali humo humo.

Silasi, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, alifika jua halijapanda.

"Mwangaluka," akasalimia, akalizunguka zizi. "Masanja, ng'ombe wa serikali wamefikaje kwako?"

"Wa mahari hao."

"Kwani serikali inaoa hapa?"

Kwa wafugaji, ng'ombe ni wa mwenye alama. Silasi aliagiza wasiuzwe, wasichinjwe, wala wasivuke reli. Festo akaitwa.

"Nibadilishie," Masanja alimwambia.

"Nilikuletea ng'ombe safi, mkwe. Umewaandika mwenyewe."

"Basi chukua wako."

"Nipite nao wapi? Nikafungwe kwa mali ya umma?"

"Hakuna ng'ombe, hakuna binti."

"Kaa naye!" Festo akapanda pikipiki yake.

Koleta akakaa chini pale pale jikoni, mwiko mkononi.

"Mama, umeanguka?" Jeska aliuliza.

"Nimekaa tu, mwanangu." Akaanza kucheka, na uji ukafurika asiuone.

Mtendaji wa kijiji aliwafungia ng'ombe nyuma ya ofisi yake. Mawakili wakarudi kutoka mjini, wakabishana ng'ombe hao wale majani ya nani, na kwa sheria ipi.

Matokeo yalipotoka, Jeska alikuwa amechaguliwa. Shule ilitaka cheti, kwa hiyo Koleta akakifuata ofisini. Twalibu alikitoa kwenye faili.

"Na ile fomu?" Koleta aliuliza.

"Ipo, mama. Haina kosa. Lakini akiwa shuleni hawamgusi, mwanafunzi haozwi."

"Na sheria?"

"Mbichi vile vile."

Mbele ya meza baba mmoja alikuwa anatia saini fomu kwa kalamu aliyokuja nayo, kiwiko amekiinua kisiguse kitabu. Binti yake alikaa kwenye benchi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umemaliza la saba?"

"Nimemaliza."

"Umechaguliwa?"

Msichana alimtazama baba yake mgongoni. "Hajaniambia."

Koleta akabana cheti kwapani, akatoka, bodaboda ilikuwa inamngoja. Njia nzima alipumua vizuri, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Alikuwa amekwisha fika Kigwa alipokumbuka kwamba hakumuuliza yule msichana hata jina.