Sura Chini ya Lipu

Kazi iliyomweka mjini ilikuwa kuzipiga kuta picha za joto. Alizimulika kwa taa kali hadi zipate moto, akazima, kisha kamera yake ikatazama jinsi zinavyopoa. Palipo na uwazi ndani, au palipoachana lipu na tofali, joto hung'ang'ania, na kwenye kioo cha kamera pakatokea doa jeupe. Lakini kupiga picha si kazi. Kazi ni kuzikataa. Nyingi huja na chenga, kama televisheni iliyopoteza mawimbi, na jicho la mtu lina tamaa, hata kwenye chenga tupu litajichongea kitu. Ofisini walimwita Bi Rudia, maana ilikuwa shida picha kupita mikononi mwake bila kuambiwa ikapigwe upya.

Kwao alikuwa kitinda mimba, na dada yake wa pekee hakumkuta. Homa ilimchukua mtoto yule angali mdogo, hajang'oa hata jino. Picha yake moja iliyokuwapo iliharibika nyumba ilipoingia maji. Ila baba yao alikuwa mchoraji wa mabango, na msiba ule ulipokuwa bado mbichi alipewa kazi ya kuchora ukuta mzima wa bwalo la kiwanda cha nguo. Katikati ya wafumaji na marobota ya pamba akamchora mtoto yule ameketi, kaegemeza shavu kiganjani. Mama alikuwa akienda bwaloni kumtazama kila uchungu ulipomzidi, mpaka uongozi mpya ulipoingia, ukataka kuta nyeupe, ukapiga lipu. Baba hakushika tena brashi, na baada ya miaka michache naye akafariki.

Sasa kiwanda kilikuwa kimekufa na jengo lilikuwa likibomolewa. Mama aliposikia alimpigia bintiye simu, wala hakuremba maneno.

"Wewe si ndiye unayeona ndani ya kuta? Basi niangalizie mwanangu kama bado yumo."

Binti alijaribu kumweleza. Rangi ni utando mwembamba, kamera haiwezi kuuona. Labda kama baba alitumia rangi ya mafuta, na lipu haikushika vizuri juu yake, umbo lingeweza kuonekana, umbo tu. Katika maelezo yote hayo mama alisikia neno moja, kuonekana. Asubuhi waliyokubaliana akatoka na gauni lake la kutokea.

Msimamizi wa ubomoaji alikuwa mtu mstaarabu. Aliwapa asubuhi ile nzima na kuahidi kwamba wakipata kitu, vijana wake watakikata kipande hicho cha ukuta na kukiweka kando kabla ya mashine kuingia. Sharti lake lilikuwa moja, aonyeshwe picha inayosema kitu, siyo ya kubahatisha.

Mama akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Binti akamulika, akazima, akapiga, akakataa. Akasogea, akamulika tena. Kipande kimoja kilitoa mistari ya matofali, kingine nyaya za umeme zilizozikwa, vingine chenga tu. Ndipo, karibu na dirisha, likajitokeza duara refu jeupe, na chini yake kivuli kilichopinda kama kiganja.

Mama alikwisha kuinuka na kuja nyuma ya bintiye. Aligusa kioo kwa ncha ya kidole, polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

"Huyo hapo," alisema. "Alikuwa akikaa hivyohivyo akisubiri chakula."

Akaanza kumsemesha mtoto kwa sauti ya chini, maneno ambayo binti hakuyasikia vizuri, na hakutaka kuyasikia.

Na binti naye alitaka iwe kweli. Lakini mikono yake ilikwisha kuzoea kazi. Akachora alama ya chaki pale duara lilipokuwa, akauacha ukuta upoe, akaisogeza taa kidogo kushoto. Kilichomo ukutani hakihami. Duara likatokea tena, zuri kuliko la kwanza, ila lilikuwa limeifuata taa. Kwenye chaki hapakuwa na kitu. Akaisogeza kulia, likamfuata kulia.

Alisimama na waya wa taa mkononi. Angeweza kunyamaza. Msimamizi asingejua, ukuta ungekatwa, na mama angekaa na kipande chake chumbani hadi mwisho wa siku zake. Alilifikiria hilo kwa dhati, akaona hata mahali ambapo kingeegemezwa.

"Mbona umesimama?" mama akauliza.

"Mama, siyo yeye. Ni joto la taa yangu."

Mama hakubisha. Aliomba tu wapabandue pale palipo na chaki. Msimamizi mwenyewe akachukua patasi na nyundo. Lipu ilidondoka vipandevipande, na chini yake ukuta ulikuwa na mashimo ya nyundo kila mahali. Mafundi wa wakati ule walikuwa wameuparura wote kabla ya kuupiga lipu, ili ishike. Hata tone la rangi halikubaki. Akajaribu pembeni, akajaribu juu, akaendelea kujaribu kwa huruma mpaka binti alipomwambia inatosha.

Walipofika nyumbani mama alivua viatu, akakaa kitandani, akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa mtu.

"Uso wake umenitoka akilini. Nikadhani nikiuona mara moja tu, safari hii nitaushika." Kisha akaongeza, "Niletee ile picha ya kwanza. Hivyohivyo ilivyo."

Binti akaichapisha kwenye karatasi nzuri, picha ambayo angemfokea mtu yeyote aliyemletea. Mama akaipeleka dirishani, akaigeuza, akavaa miwani, akaivua. Alihangaika nayo muda mrefu.

"Sasa naona taa tu," alisema, akamrudishia.

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomvunja binti. Alipiga magoti, akamlalia mapajani, akamwomba msamaha kwa kuwa aliusema ukweli. Mama akampapasa kichwa na kumwambia asilie, aliyeuliza ni yeye mama, na binti alimjibu tu.

Ndipo binti akaomba asimuliwe habari za dada yake, chochote kile. Mama akaanza na uzito wake mgongoni, akaja kwenye sauti yake ya kukwaruza asubuhi, miguu yake isiyokubali viatu, namna alivyopanga vijiko sakafuni na kuviita wanafunzi wake. Alisimulia vizuri, mara mbili akacheka. Lakini kila masimulizi yalipofika usoni, alisita, akarukia jambo jingine.

Binti alisikiliza yote, wala hakumwambia arudie.