Kibuyu cha Chepkurui

Chepkurui alikuwa amepona, na hilo ndilo lililomkosesha raha. Mgonjwa angalau anajua mahali pake. Mahali pa Chepkurui palikuwa mlangoni: mlangoni kanisani, mlangoni jikoni kwa mama mkwe, popote penye upepo wa kupeleka harufu nje. Sasa daktari amesema amepona kabisa, na miguu bado inampeleka kule kule mlangoni. Hata ndani ya nyumba yake mwenyewe alikuwa hatulii. Anaketi, anainuka, anapapasa gauni nyuma, anakuta ni kavu, anaketi tena, na kabla kiti hakijapata joto ameshainuka. Wee, hata kuku wa pale walikuwa wameanza kumshangaa.

Shida ilikuwa imeanzia kwenye uzazi. Uchungu ulikuwa mrefu, mvua ilikuwa imeharibu barabara ya kutoka Boito, mtoto akafa, na mama yake akabaki anavuja mkojo bila kujua unatoka saa ngapi. Fistula, ndilo jina lake, lakini pale nyumbani hakuna aliyelitamka. Walisema tu "ile maneno yake". Mumewe, Kipkurui, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha majani chai, hakumfukuza, tusimwonee bure; lakini mdomo wake pia hakuufungua. Aliyeufungua wake ni mama yake, Rebeccah. Alimwambia Chepkurui asikamue ng'ombe tena. Kisha akakitoa kibuyu cha Chepkurui ukutani vinapotundikwa vibuyu vya maziwa, akakifunga kwa kamba juu ghalani pamoja na jembe lililokatika mpini.

Sasa, kwa Wakipsigis kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kulala, si chombo tu cha kuwekea maziwa. Chepkurui alipewa chake na mama yake siku ya kuolewa. Mke ndiye anayekamua, ndiye anayechoma kijiti cha mti maalumu na kusugua mkaa ndani ya kibuyu, ndiye anayemimina maziwa na kuyafunika yalale mpaka yaive. Mgeni akionja anajua boma hili lina mke wa namna gani. Ukimnyang'anya mke kibuyu umemfanya mgeni, na afadhali mgeni, maana yeye hupewa kikombe.

Lakini usimchukie Rebeccah haraka. Alikuwa kiongozi wa ushirika wa akina mama kanisani, na akina mama walikuwa wameanza kukataa maziwa ya boma lake kwa adabu, ati wametoka kunywa chai sasa hivi, ati tumbo halijakaa sawa. Aliogopa. Na mtu mwoga aliyeshika Biblia ni mgumu kuliko mtu mbaya.

Aliyemwokoa Chepkurui ni Nyanchama, Mama Duke, Mkisii aliyechuma majani kwenye shamba kubwa la jirani na kusali nao Jumapili. Nyanchama alisikia kwenye redio kwamba kuna madaktari wanashona wanawake wenye shida hiyo bila malipo huko Kericho mjini. Hakuomba ruhusa ya mtu. Alikuja akamwambia Chepkurui avae viatu, wakaenda. Alipotoka huko ameshashonwa, Chepkurui alilia njia nzima kwa sababu kiti cha gari alichokalia kilikuwa kikavu.

Basi akaingia boma na furaha yake yote. Rebeccah alikuwa akichagua maharagwe. Akainua macho, akamuuliza kama huko Kericho kulikuwa kunanyesha, akarudi kwenye maharagwe yake. Ni hivyo tu. Chepkurui alingoja jioni hiyo, akangoja kesho yake, akangoja wiki zilizofuata. Hakuna aliyemuuliza kama amepona. Kibuyu kikabaki juu ghalani, na asubuhi Rebeccah aliendelea kukamua mwenyewe na magoti yake yale yanayomuuma, akiguna kila akiinama, huku mkamuaji mzima wa afya akimwangalia kutoka mlangoni. Hasira ikamkaa Chepkurui kifuani mpaka chakula kikamshinda.

Ndipo ikatangazwa kanisani kwamba ushirika wa akina mama utakuja nyumbani kwa Rebeccah. Chepkurui akaona ndiyo hii nafasi. Angetokea na mursik yake mwenyewe mbele ya watu wote, na Rebeccah angelazimika kuchagua: amimine au aikatae wazi wazi. Rebeccah alipopeleka majani kituoni kupimwa, Chepkurui alipanda ghalani, akakifungua kibuyu, akakificha ndani ya leso na kwenda kwa Nyanchama. Huko akakiosha, akachoma kijiti chake, akasugua mkaa, akamimina maziwa yaliyochemshwa na kupoa, akafunika. Mikono yake haikuwa imesahau kitu. Akakiacha kwenye pembe yenye baridi, akaenda zake. Hakumwambia Nyanchama asikiguse. Kwani kuna mtu asiyejua mursik inaachwa ilale?

Yupo. Anaitwa Nyanchama.

Siku ya ushirika ilipofika, Nyanchama alikuja nyuma ya jikoni na kibuyu kwapani, uso umejaa tabasamu. Akaeleza kwa fahari jinsi alivyokitunza. Alikitikisa asubuhi, akakitikisa jioni, na alipoona maziwa yamelala tu, akakiongezea mengine mabichi na kukisogeza karibu na jiko kipate joto, vile mama yake alivyokuwa akifanya kwao Kisii. Chepkurui akafungua. Kibuyu kikatoa pumzi kama kimechoka. Ndani mlikuwa na maji ya kijivu na mabonge, na harufu iliyomrudisha nyuma hatua nzima. Alitaka kumzaba kofi, akataka kucheka, akashindwa yote mawili. Nyanchama alimwona uso, tabasamu likamwisha, akauliza polepole kama ameharibu. Chepkurui akamwambia aingie tu ndani, watu wameanza kuimba.

Akina mama walikuwa wamejaa sebuleni. Chepkurui akasimama mlangoni kama kawaida yake, kibuyu mkononi chini ya leso, kwa sababu hakujua akitupe wapi. Mwalimu Aron wa kanisa akafungua Injili na kusoma habari za yule mwanamke aliyetokwa damu miaka na miaka, akajipenyeza katikati ya watu na kugusa vazi la Yesu kwa siri.

Chepkurui hakuipenda hadithi hiyo, na siku hiyo aliichukia. Mwanamke ameshapona, si aachwe aende? Kulikuwa na haja gani ya Yesu kusimamisha umati mzima na kuuliza nani amenigusa, mpaka maskini yule ajitokeze akitetemeka na kueleza siri zake mbele ya wanaume? Alibadilisha mguu, akarudisha. Akapapasa gauni. Kavu.

Aron, kana kwamba ameona mawazo yake, akauliza kwa nini Yesu hakumwacha yule mama aende zake kimya kimya. Mmoja akasema ni kwa ajili ya ushuhuda, mwingine akasema ni fumbo. Chepkurui akasikia sauti inajibu, na ni yake.

"Kupona peke yake haitoshi," alisema. "Angerudi nyumbani amepona, na bado hakuna mtu angemwambia aketi. Watu ndio walikuwa wanatakiwa kusikia."

Vichwa vyote vikageuka. Maneno yalikuwa yameshatoka na mengine yakayafuata.

"Mimi nimepona, Mama. Hakuna mtu ameniuliza."

Leso ikateleza. Rebeccah akakiona kibuyu alichokifunga ghalani kwa mikono yake mwenyewe. Uso wake ulibadilika, aibu ikampanda waziwazi, na kwa mara ya kwanza Chepkurui akamwona ni mzee. Rebeccah akashika mkono wa kiti, akainuka na magoti yake, akachukua kikombe mezani, akaenda mpaka pale mlangoni.

"Hii kibuyu ni mimi niliifunga," aliwaambia wenzake bila kugeuka. "Huyu hakunikosea kitu. Nilikuwa naogopa nyinyi." Kisha akanyoosha kikombe. "Nimiminie."

Chepkurui akajaribu kumnong'oneza kwamba yameharibika, asiyaguse. Nyanchama naye kule kwenye benchi alikuwa amejifunika uso kwa mikono. Rebeccah hakuondoa kikombe. Ikabidi Chepkurui amimine, na ile harufu ikaenea sebule nzima, na kila mama pale aliisikia na kila mama akajua. Rebeccah akanywa. Alikunywa mbele yao wote bila kukunja uso, bonge moja likapita kooni kwa shida, akanywa mpaka kikombe kikaisha. Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya maziwa peke yake. Chepkurui alikuwa bado na hasira yake, hakuona imeenda popote, ila sasa aliona anaweza kukaa nayo nyumba moja na mama huyu.

Rebeccah akafuta midomo kwa kiganja.

"Chepkurui, hii maziwa ni mbaya kabisa," akasema kwa sauti ile ya ukali anayoitumia mama mkwe kwa mke wa mwanawe, sauti ambayo Chepkurui hakuwa ameisikia tangu mtoto afe. "Sijawahi kuonja mbaya hivi. Kesho asubuhi ukamue mwenyewe, uanze upya. Na uketi, unasimama kama mgeni."

Nyanchama akasogea kwenye benchi. Chepkurui akaingia, akaketi katikati ya akina mama, kibuyu kwenye magoti, na Aron akaendelea kusoma. Aliposimama tena ibada ilikuwa imekwisha, na hakukumbuka kupapasa gauni.