Nafasi ya Assumani

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, Faida alitandika mikeka uani na kuteleka kahawa. Wanaume wa tarika walipiga duara kwa ajili ya zikiri, wakaacha nafasi ya mtu mmoja upande wa kibla. Ilikuwa ya mumewe, halifa Assumani. Serikali ya Wabelgiji ilimhamishia jimbo la mbali la Ikweta, kifungoni, kwa sababu watu wa mji wao wa Kasongo walimsikiliza kuliko walivyomsikiliza administrateri, mkuu wa wilaya. Mwili wake ulifungwa kule. Sauti yake ilikuja kila Alhamisi, ikaketi mahali pake na kuongoza zikiri, kisha ikamwuliza Faida habari za muhogo, ikaondoka.

Mwaka mmoja alikuja Bwana Grégoire, Mbelgiji aliyesomea dini za watu. Katika mji wa Kabambare alikuwa ameuliza kila mtu kama yeye ni Mwislamu kwanza au Mubangubangu, mtu wa kabila lake, kwanza. Walimjibu kwamba kwanza wana njaa.

"Nikiisikia hiyo sauti vizuri, mama, nitaongea na wakubwa," alimwambia Faida. "Watamufungua."

Faradji, mdogo wa Assumani, alikuna ndevu.

"Nafasi iko moja tu, shemeji. Ya kaka."

"Basi mugeni asimame inje kama mbuzi? Na ni yeye atamurudisha kaka yako! Mupe."

Bwana Grégoire alivua viatu, akaketi. Sauti ilifika, ikakuta pamekaliwa, ikaingia ndani ya Mzungu. Aliongoza zikiri hadi mwisho bila kukosea, kisha akamwuliza Faida kama muhogo umeota.

"Umeota," alisema Faida, akammiminia kahawa.

Bwana Grégoire alirudi Ulaya na sauti ile. Alipofungua kinywa mbele ya wasomi ndiyo iliyotoka, nao wakampa uprofesa. Habari za kifungo hawakumwuliza, naye hakuzitaja.

Baadaye mtu mmoja aliyefunguliwa Ikweta alipita kwa Faida.

"Bwana yako iko muzima. Lakini akifungua kinywa, inatoka Kifaransa tu. Anaeleza Waislamu wa Kasongo ni watu gani."

"Anaeleza muzuri?"

"Muzuri sana. Administrateri wa kule anamuitaga, anamupigia makofi, anamurudisha ndani."

Faida aliuliza kama anakula. Anakula.

Alhamisi iliyofuata alitandika mikeka. Wanaume waliacha nafasi, wakafanya zikiri bila kiongozi. Walipomaliza, Faida aligeukia pale patupu, akasema kwamba muhogo umeliwa na nguruwe-mwitu. Kisha akakunja mikeka.